Wigo wa Bi Nyamvula

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, nisije nikaruka kitu. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kisichojua ukuta. Kila boma lilizungukwa na wigo wa minyaa. Desturi ilikuwa hii: kijana akitaka kuoa, kwanza apogoe wigo wa wakweze. Wigo ndio uliomsemea.

Fundi wa wigo alikuwa mmoja tu, Bi Nyamvula. Panga lake likilia cha! cha! cha! minyaa inageuka kanga, inageuka kobe, inageuka twiga.

Akaja Ngumbao, mchumba wa Mbeyu. Alitaka kuwapita wote. Cha! cha! cha! Akapunguza chini, juu akaacha kumetanda kama uyoga. Watu wakashangilia. Lakini juu kulipotanda, chini kulikosa jua. Matawi ya chini yakakauka, yakapukutika. Fisi akapenya hapo, nyaku! akaondoka na mbuzi wa arusi.

Baba yake Mbeyu akafoka, "Wigo gani huu? Kilemba kichwani, kiunoni uchi! Hapa huoi!"

Mbeyu akalia. Ngumbao akamkimbilia Bi Nyamvula.

"Bibi, niokoe."

"Fumba macho, mjukuu wangu. Utomvu wa mnyaa hupofusha, haumjui bwana arusi."

Cha! cha! cha! Akaufyeka wigo wote, ukabaki usawa wa goti.

"Ajuza katumaliza!" watu wakapiga yowe.

"Nipeni mvua moja," akasema.

"Na fisi je?"

"Mbuzi walale kwangu."

Mvua ikanyesha, pa! pa! pa! Machipukizi yakatoka chini kabisa. Bibi akamkabidhi Ngumbao panga. "Chini pana, juu pembamba. Kama mama aliyeketi akatandaza kanga yake."

Ngumbao akapogoa, taratibu, taratibu, mpaka wigo ukawa simba jike aliyelala, tumbo limegusa ardhi.

Fisi akarudi. Akasukuma pua huku, matawi. Akasukuma kule, matawi. Utomvu ukamwingia jichoni. Huyooo! Hakuonekana tena.

Baba yake Mbeyu akacheka mpaka akakaa chini. "Mwiteni mkwe wangu!"

Siku ya arusi Bi Nyamvula aliongoza ngoma, panga begani. Mpaka leo mgeni akiona wigo mpana chini, husema, "Hapa alipita Nyamvula." Nasi huitikia, vifua mbele, "Ni bibi yetu!"

Atakaye kilele, asilinyime shina jua.

Hadithi yangu nimeikatia hapo. Mwenye panga lake, akapogoe kwao.