Pimbi, Fisi na Ncha ya Kivuli

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa kivuli!
— Na mwenye kivuli!
— Kifupi?
— Jua la utosini!
— Kirefu?
— Jua la kuchoka!
— Sawasawa na wewe?
— Hapo ngoja tupime!

Haya, pimeni kimyakimya, nami nisimulie.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, binti mwenye miguu mifupi na mdomo mrefu. Alisoma kwa Mwalimu Korongo, na hesabu za pembe alizichukia kuliko mvua; na mvua, mnajua, ndiyo iliyomkosesha mkia siku mikia ilipogawiwa.

Mwalimu akisema, "Leo tanjenti," Pimbi huinua mkono.
"Mwalimu, tanjenti inalika?"
"Hailiki."
"Inalalika?"
"Hailaliki."
"Inatibu kikohozi?"
"Kaa chini, Pimbi!"

Kikohozi hakikuwa mzaha. Mama yake alikohoa ko! ko! ko! tangu masika, na dawa ilikuwa moja tu: asali. Asali ilikuwepo, tele, lakini mzingani, kileleni mwa mvule, na kila aliyeupanda alishuka upesi kuliko alivyopanda, uso umeumuka kama andazi.

Tena asali ilikuwa na mwenyewe. Fisi alikuwa amejiteua mwenyekiti wa kamati ya asali, na kamati yenyewe ilikuwa yeye, meno yake na tumbo lake.

Siku moja Fisi akaitisha mkutano.
"Ndugu wanyama! Kesho alasiri Tembo atauangusha mvule kuelekea uwanjani. Atakayekuwa wa kwanza kuugusa mzinga, mzinga ni wake. Haki sawa kwa wote!"
"Haki gani, mheshimiwa?" Pimbi akadakia. "Wewe una miguu ile, mimi nina hii!"
"Heh-heh-hiii! Nani alikutuma uwe mfupi? Na nasikia eti unasoma pembe. Binti, hesabu si za miguu mifupi, tena ya kike. Nenda kamkorogee mama yako uji."

Wanyama wakacheka. Pimbi hakucheka. Alirudi nyumbani moyo unamfukuta, na hasira, jamani, ina namna yake ya kukumbusha mtu yale ambayo mwalimu alishindwa kuyaingiza kwa upole. Alimsikia Korongo kichwani kabisa: "Kivuli chako kikilingana na kimo chako, basi kivuli cha mti nacho kimelingana na mti. Hiyo ndiyo tanjenti ya nyuzi arobaini na tano."

Kesho yake, jua lilipoanza kuinama, Pimbi akaenda uwanjani. Akasimama wima, akatia alama penye visigino, akalala juu ya kivuli chake: kifupi. Akasimama, akalala: bado kifupi.
"Huyo kalewa?" Tembo akauliza.
Akasimama, akalala: utosi ukagota kwenye ncha ya kivuli, barabara!

Tipu-tipu-tipu, akakimbia hadi ncha ya kivuli cha mvule, nacho kimenyooka uwanjani vilevile. Hapa! Kilele kitatua papa hapa! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hakika nalo. Kisha akakumbuka jambo: kilele kikitua hapa, na nyuki watatua hapa.

Pimbi akatabasamu. Akalala kifudifudi, akaikumbatia ardhi, akaanza kulia.
"Pangu! Hapa pangu! Jamani, msinitoe!"
Fisi akaja mbio. "Una nini hapo?"
"Sina kitu, bwana mkubwa."
"Pana nini hapo?"
"Mzinga utaangukia hapa. Nimepata kwa tanjenti. Nitoe popote, bwana, ila hapa usinitoe!"
"Toka!" Fisi akampiga teke. "Tanjenti ni mali ya kamati!"

Akasimama penye alama ya Pimbi, kifua mbele, mikono juu, mdomo wazi. Tembo akasukuma. Mvule ukalia krrr... krrrr... krrrrrr... puuu! Matawi membamba yakamchapa Fisi kulia na kushoto, na mzinga ukamvaa kichwani kama kofia.

"Nimeugusa!" Fisi akapaza sauti. "Wangu! Wangu pe—"
Zzzzuuuuu!
"Si wangu! Chukueni! Siutaki!"
"Mkutano umesikia?" Pimbi akauliza.
"Tumesikia!"
"Mwenyekiti amejiuzulu. Wanaoafiki?"
"Ndiyooo!"

Fisi akautupa mzinga, akatimua mbio, nyuki wote nyuma yake, hakubaki hata mmoja wa kulinda mzinga. Wanyama wakagawana masega. Swala alipata, Tembo alipata, hata Korongo alipata, akaramba mdomo. Pimbi akabeba fungu lake hadi nyumbani.

"Hii nini, mwanangu?" mama akauliza, kati ya ko na ko.
"Tanjenti, mama. Onja."

Mama akaonja. Akaonja tena. Usiku ule walilala wote wawili.

Hadithi yangu imefupika kama kivuli cha adhuhuri. Mwenye asali vidoleni arambe, asiye nayo arambe maneno.

Na funzo lake ni hili: mabinti, msisome hesabu. Hesabu si za miguu mifupi, tena ya kike. Asiyeamini akamuulize Fisi. Ila asiende leo, midomo bado haijafunguka.