Mkanda Uliokuwa Ukiteleza

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi, na mkanda wa mashine hiyo ulimkosesha raha. Kazi ikipamba moto, wateja wamejaa hadi nje, mkanda unateleza, unachomoka, injini inabaki kunguruma bure. Aliukaza, akaupaka lami, wapi. Watu wakamtania kwamba mashine yake inapenda kupumzika kuliko kusaga.

Siku moja mkewe alikuwa akimimina mahindi, pindo la kanga yake likanaswa na shafti, kile chuma kinachozunguka. Mkanda ukachomoka. Kanga ikachanika, mama wa watu akatoka mzima. Na yule bwana aliona nini? Aliona foleni imesimama.

Akamwita fundi. "Sitaki tena kitu kinacholegea."

"Basi nikuwekee gia na mnyororo," fundi akasema. "Huo ukishika, umeshika."

Mkewe akauliza taratibu, "Baba watoto, juzi mkanda ungeshika, mimi leo ningekuwa wapi?"

"Ungekuwa umejifunza kufunga kanga vizuri."

Mnyororo ukafungwa. Mashine ikasaga bila kusita, naye akatembea kifua mbele. Kisha kanga ikanaswa tena. Mnyororo haukuteleza. Bwana alikimbilia injini akaizima, lakini hadi inanyamaza, mkono wa kulia wa mkewe ulikuwa umekwenda.

Mkanda ameurudisha. Mkono haukurudi. Sasa kila asubuhi yeye ndiye anayemfunga mkewe kanga, anaifunga vizuri sana.

Haya, tuje kwetu sisi. Si tulisema kanisa hili limelegea? Tulikuwa na mzee mmoja kwenye baraza, kila akiletwa mkosaji yeye anasema, jamani, tumsikilize kwanza. Tukamchoka, tukamwondoa. Tukaweka sheria isiyoteleza. Binti kapata mimba, nje. Kijana kaonekana kilabuni, nje. Tukasifiana kwamba sasa tumenyooka.

Mnangoja niwafariji? Leo sina faraja, ndugu zangu, nimeitafuta nikaikosa. Sheria tumeilegeza, watu tumewaita, hawaji. Na yule binti tulimzika Jumanne, sote tulikuwepo.

Geukeni mtazame viti vya nyuma. Vilikuwa vya nani? Tajeni majina yao. Mimi nangoja.