Jiwe la Hoza na Mguu wa Bi Saumu

"Ukitaka kujua breki, ondoa jiwe." Mmemsikia mwalimu wa kwaya akiisema methali hii alipowanyamazisha wenye sauti nene ili awasikie nyinyi mnaojificha nyuma yao. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi imetoka wapi. Haya, kaeni. Imetoka Kwemzinga, na mwanzo wake ni huu.

Kwemzinga ni milimani, hakuna barabara iliyolala. Ukisimamisha gari, unalisimamisha mteremkoni utake usitake. Kwa hiyo watu wa kule wana adabu yao: gari likisimama, aliye karibu huokota jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Haulizi gari ni la nani. Anayepita bila kuweka jiwe huonekana hakulelewa.

Basi zikaja pikapu mpya ambazo watu walizipa jina la Kipanga. Zilikuwa na nguvu, jamani, zilipanda mlima na magunia ya viazi kama hazikubeba kitu. Kila mwenye shamba akazitamani.

Siku moja ya gulio, Hoza Shekimweri, dereva wa Kipanga, alisimama juu kidogo ya gulio ashushe matenga ya kabichi. Mvua ilikuwa imenyesha, mawe yamezama kwenye tope. Akavuta breki ya mkono, akashuka kutafuta jiwe. Kabla hajalipata, gari likaanza kurudi nyuma lenyewe. Chini ya mteremko alikuwepo Bi Saumu, muuza matunda damu, yale mekundu ya milimani, ameinama anapanga mafungu. Alipozinduka hospitali, mguu wake wa kulia haukuwepo.

Kijiji kizima kikamgeukia Hoza. Hakuweka jiwe, wakasema, na maneno yakaishia hapo. Watu wakaacha kumsalimu, hata mkewe akawa anateka maji peke yake. Hoza aliapa kwamba breki aliivuta. Nani amsikilize?

Aliyemsikiliza ni Bi Saumu, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kumchukia kuliko wote. Mwanamke yule alikuwa na ulimi mkali, lakini uongo hakuujua. Siku ile alisikia breki ikivutwa, kro kro kro, ndiyo maana akaendelea kupanga matunda yake bila wasiwasi.

"Aliivuta," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Mkitaka kumlaani mtu, mlaanini aliyeiunda."

Wakanong'onezana kwamba dawa za hospitali zimempanda kichwani. Yeye akashuka Tanga kwa magongo yake, akampata wakili, dada mmoja aitwaye Tunu Mbaruku, wakaishtaki kampuni iliyounda Kipanga.

Kampuni ilileta mhandisi wake. Akaiegesha Kipanga uani mwa mahakama, mahali tambarare kama sinia, akavuta breki, ikashika. Kisha wakili wa kampuni akamgeukia Bi Saumu. "Mama, kama breki hizi ni mbovu, mbona miaka yote hii hakuna Kipanga nyingine iliyoserereka kijijini kwenu?"

Swali lile lilimuuma Bi Saumu kuliko kidonda. Tunu akaomba mahakama ipande mlimani, ikajionee pale pale palipotokea ajali. Jaji akakubali.

Siku ilipofika, magunia ya mchanga yakapangwa chini ya mteremko, watu wakasogezwa mbali. Mhandisi akaipandisha Kipanga yenye shehena ya viazi, akavuta breki, kro kro kro, akashuka kwenda kuzungumza na wenzake. Gari likatulia. Wakasubiri. Gari tuli. Wakili wa kampuni akatabasamu, Jaji akaanza kuandika.

Bi Saumu aliegemea magongo yake. Kesi inakufa hivi hivi, aliwaza. Hoza atazikwa na lawama isiyo yake, na Kipanga nyingine itamvunja mtoto wa mtu. Akainamisha kichwa asitazamane na yeyote, macho yakatua kwenye tairi la nyuma. Palikuwa na jiwe.

"Nani ameliweka lile?" aliuliza.

Kisha Hoza akajitokeza, mikono ina tope. "Ni mimi, Bi Saumu. Gari limesimama, nikaweka. Wallahi hata sikuwaza."

Watu wakaguna. Mtu kuja kutetewa, halafu ajitie kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Lakini Bi Saumu hakukasirika hata kidogo. Alimgeukia Jaji kwa furaha.

"Mheshimiwa Jaji, niliulizwa mbona Kipanga nyingine hazikuserereka. Jibu langu ni lile pale. Kwetu gari halisimami bila jiwe. Breki za magari haya hatujawahi kuzijua, tunayajua mawe yetu. Ukitaka kujua breki, ondoa jiwe."

Wakili wa kampuni akapinga. Jaji akaweka kalamu chini. "Liondolewe," alisema.

Hoza akalisukuma jiwe kwa mti mrefu. Gari likabaki limesimama, likaendelea kusimama mpaka watu wakaanza kukata tamaa. Halafu ikasikika tak, breki ikaachia, Kipanga ikateremka na viazi vyake mpaka kwenye mchanga. Mhandisi alijishika kichwa.

Mahakama ikaamua kwamba meno ya breki zile yalikuwa dhaifu tangu kiwandani. Bi Saumu akalipwa fidia, na kampuni ikaamriwa kuzirudisha kiwandani Kipanga zote na kuzibadilishia breki bila malipo.

Hoza alikwenda kwa Bi Saumu akilia. "Nusura nikuharibie kesi, dada yangu."

"Wewe uliweka jiwe kwa wema," Bi Saumu alimjibu. "Sote tuliweka kwa wema, nao wenye kampuni wakajificha nyuma ya wema wetu. Nyamaza, baba, wapo watu mlangoni wanataka kukusalimu."

Kwemzinga bado wanaweka mawe, kwani adabu ni adabu. Ila gari jipya likifika, wanajizuia kwanza, wanasimama pembeni mikono nyuma, wanalitazama. Wakiulizwa wanangoja nini, hata mtoto wa shule atakujibu: ukitaka kujua breki, ondoa jiwe.