Afande wa Kona ya Kichuguu

Hadithi, hadithi!
— Njoo, barabara nyeupe!
Imetoka mbali, imechoka.
— Ipumzike kwetu.
Mmeangalia kulia?
— Tumeangalia.
Mmeangalia kushoto?
— Tumeangalia.
Basi tuvuke.

Hapo zamani, na si zamani sana kwa maana magari yalikwishakuwepo, wanyama wa bonde moja walichoka kuzunguka mlima kila waendapo sokoni. Wakakubaliana walime barabara. Ngiri akafukua. Nungunungu akang'oa visiki. Mchwa wakaleta udongo. Nguchiro, mdogo kuliko wote, akabeba kokoto kwa mdomo, moja moja, tangu asubuhi mpaka jioni, na fizi zikamtoka damu.

Kifaru hakuonekana. Siku ya kwanza aliumwa, siku ya pili alikuwa na mgeni, siku ya tatu hakutoa hata sababu. Akaja siku ya mwisho, kazi imekwisha, akatembea juu ya udongo kwenda na kurudi, tii, tii, tii, udongo ukashikamana. Wanyama wakampigia vigelegele. Hapo ndipo walipokosea. Toka siku ile Kifaru hakuwa na neno jingine.

"Barabara nimeishindilia mimi," akasema.

Kifaru akapata lori. Alilipata wapi, msiniulize. Akawa anapeleka matikitimaji sokoni, safari mbili kwa siku. Akaona mbili hazitoshi, akafanya tatu. Akaona tatu hazitoshi, akafanya nne. Na mwenye safari nne hana muda wa breki. Alipita vuuu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kipande cha tikiti, mbegu anazitema dirishani.

Macho ya Kifaru mnayajua. Hayaoni mbali. Lakini ukimwambia avae miwani, ananuna siku nzima. Aliendesha kwa pua na kwa honi. Piii! Pisha!

Sasa, kwenye kona moja ya barabara ile, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa, aliishi Nguchiro na watoto wake wanne. Mkubwa wao aliitwa Mboni, kwa hiyo majirani wote walimwita mama yao Mama Mboni. Kiangazi kile maji ya upande wao yalikauka. Yakabaki maji ya upande wa pili. Usipovuka, hunywi.

Asubuhi moja walikwenda kunywa, na Mboni akatangulia, kwa sababu mkubwa ndiye hutangulia. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akavuka. Kifaru akatokea konani upande usio wake, anampita Kobe na mkokoteni wake, pale pale ambapo hata chizi hapiti mwenzake. Vuuu. Lori likayumba, likagonga ukingo, taa ya mbele ikavunjika, likaendelea na safari.

Halafu kimya.

Sitawaeleza zaidi ya hapo. Nguchiro alimzika mwanawe kando ya njia, akapanga mawe juu yake, kokoto kama zile alizozibeba siku ya kulima barabara. Mdomo ulizijua. Vipande vya kioo vya ile taa alivikusanya, akaviweka ndani, yeye mwenyewe hajui anaviwekea nini.

Kesho yake alisimama kando ya njia, akampungia Kifaru, akamwambia ukweli: umeniulia mwanangu, nakuomba hapa upite polepole. Kifaru hakuzima hata injini. Akasema watoto wafundishwe kupisha.

"Barabara nimeishindilia mimi," akasema. Vuuu, akaenda.

Nguchiro akaenda kwa Tembo. Tembo alikuwa trafiki, anasimama darajani na kofia yake nyeupe. Tembo akasikitika sana, kwa moyo kabisa, lakini akasema yeye hushika kosa aliloliona kwa macho yake. Na kila alipo yeye, Kifaru huendesha kama amebeba mayai. Angefanyaje?

Basi wanyama wakakutana. Hondohondo akachora kibao, mtoto anavuka barabara. Wakakisimamisha konani. Kifaru akakisogelea kwa lori, akatoa kichwa dirishani mpaka pua ikagusa rangi, akakitazama, akasema mtoto wa kwenye picha anakimbia, basi na hawa wakimbie. Vuuu.

Mchwa wakajenga tuta. Tuta zuri, gumu, la kurusha gari. Kifaru akalikwepa, akapita pembeni, kwenye njia ya waendao kwa miguu. Sasa hata wale waliokuwa hawavuki wakawa hatarini. Ikabidi mchwa walibomoe wenyewe.

Nguchiro akaketi juu ya kichuguu siku saba. Hakulia. Kilio alikiweka, akasema nitakulilia, mwanangu, nikipata nafasi, sasa hivi nina wadogo zako wa kuwavusha. Akaketi, akatazama barabara.

Akaona jambo. Madereva wa bonde lile hawakupendana. Nyumbu alimtukana Ngiri, Ngiri alimtukana Nyumbu, na wote wawili walimtukana Kifaru. Lakini kwa jambo moja walikuwa ndugu. Aliyetoka darajani akamwona Tembo, akipishana na mwenzake huwasha taa mara mbili, metu, metu, maana yake mbele kuna trafiki. Na Kifaru, asiyeona kibao, asiyeona tuta, asiyeona mtoto, ile metu metu aliiona. Hapo hapo alifunga mkanda, akatupa kipande cha tikiti, akafuta mdomo, akatambaa.

Nguchiro akashuka. Akaingia ndani, akatoa vipande viwili vya kioo cha ile taa. Akavipangusa.

Kesho yake, jua limepanda kidogo, Kifaru huyo anakuja, vuuu. Nguchiro juu ya kichuguu, kioo huku, kioo huku, akalidaka jua, akalitupa machoni mwa Kifaru. Metu, metu. Kifaru akashika breki. Kweee! Akafunga mkanda. Akatambaa kona nzima akitazama kulia na kushoto, na watoto watatu wakavuka mbele yake mmoja mmoja, wakaimba. Itikieni:

Vukeni, wanangu, vukeni,
jua limemkonyeza mkubwa.
Vukeni, wanangu, vukeni,
jua limemkonyeza mkubwa.

Asubuhi metu, metu, kweee. Alasiri metu, metu, kweee. Kifaru hakumwona Tembo hata siku moja, na hilo ndilo lililomtisha. Alianza kuwaambia wenzake sokoni kwamba Tembo siku hizi amekuwa mjanja, anajificha hata nyuma ya jani. Wenzake wakamwamini. Mwenye hatia humwoni akibishia habari za trafiki.

Lakini jua si mtumishi wa mtu. Ikafika asubuhi moja mawingu yamefunga mbingu nzima. Mvua bado, mawingu tu. Nguchiro akainua vioo, vikawa vyeusi kama vifuniko vya sufuria. Watoto hawakuwa wamekunywa tangu jana alasiri. Yule mdogo kabisa alikwishaacha kulia, na mama yeyote anajua kwamba mtoto wa kiu akiacha kulia, mambo yameharibika.

Nguchiro akaogopa. Nasema akaogopa, ujanja haumzuii mtu kuogopa. Akawaambia watoto wakae ndani wasitoe hata pua. Akakimbia mpaka mahali tembo wanapolamba chumvi, akakuta mavi ya tembo, mabichi, bado yanafuka. Akayapa mgongo, akainama, akayasukuma kwa miguu ya nyuma, vile vile nguchiro wanavyosukuma yai wakitaka kulivunja kwenye jiwe. Biringi, biringi, biringi, mpaka konani. Akayaweka pale upepo unapoingilia barabara. Na pale upepo unapoingilia palikuwa karibu na mawe ya Mboni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ni kwa ajili ya wadogo zako."

Ngurrr, ngurrr, Kifaru huyo. Leo hakuna metu metu, barabara nyeupe, haina trafiki, mguu chini kabisa. Watoto walikuwa wamekwishaisikia harufu ya maji upande wa pili, wakatoka. Watoto ni watoto. Mdogo yuko katikati ya njia, na mama yao yuko ng'ambo, hawezi kumfikia.

Upepo ukavuma.

Kifaru akanusa. Akanusa tena. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kweeeeee! Matikiti nyuma yakagongana, bu, bu, bu. Lori likasimama, na mtoto akapita chini ya bampa, akafika kwa mama yake. Kifaru hakumwona. Alikuwa anahangaika na mkanda.

Akashuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kona ile. Akaja kwa adabu, shingo ameiinamisha.

"Habari za asubuhi, Mama Mboni," akasema.

"Nzuri."

"Afande yuko wapi? Harufu yake naipata, yeye simwoni."

Nguchiro alikuwa amemkumbatia mtoto. Alitaka kumwambia Kifaru huyo Mboni anayemtaja ni nani. Lakini ukweli alikwishamwambia, na ukweli haukusimamisha lori. Akatazama mawe.

"Yule pale. Amelala."

Kifaru akakaza macho. Akaona kitu cha kijivu, kimelala chini. "Mbona mdogo hivyo?"

"Hakuachwa akue."

Kifaru hakuelewa, ila aliona si vizuri kuuliza mara mbili habari za wakubwa. Akanong'ona, "Anataka nini kwangu?"

"Anataka upite polepole. Na ukifika hapa usimame, ushuke, umsalimu. Usiposhuka, atakufuata mpaka nyumbani."

"Na tikiti je? Nikimpa, atapokea?"

Nguchiro akawatazama watoto wake watatu, midomo imepasuka kwa kiu. "Mwenyewe hali," akasema. "Lakini ana wadogo zake."

Kifaru akarudi kwenye lori, akachagua tikiti kubwa. Akaliweka juu ya mawe taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akapiga goti moja, mnyama yule mkubwa kama lori akapiga goti, akainamisha pembe mpaka ikagusa kokoto.

"Nisamehe, afande," akasema. "Sikukuona."

Akapanda, akawasha, akaondoka polepole hata vumbi halikuinuka.

Nguchiro alidhani atacheka. Ujanja ukimnasa mkubwa, mdogo hucheka, ndivyo ngano zote zinavyosema. Hakucheka. Alikuwa amengojea neno lile kiangazi kizima, na aliyelisema hakujua analisema kwa nani. Akawapasulia watoto tikiti, wakanywa wakatosheka. Kisha akaketi kando ya mawe, akalia kile kilio alichokuwa amekiweka, akalia mpaka mvua ikaanza, na hata mvua haikumnyamazisha.

Tangu hapo Kifaru hakuacha. Safari nne, mara nne anashuka, mara nne anapiga goti. Nyumbu akamwona, akaona mwenzake anajua jambo, naye akashuka. Ngiri akamwona Nyumbu. Wageni wapitao wakisikia bonde zima la madereva linashuka kwenye magari kwa ajili ya kaburi la mtoto wa Nguchiro, husifu na kusema madereva wa huko wana utu. Nguchiro husikia, naye hawasahihishi. Na kwenye kona ile hajafa mtoto mwingine mpaka leo.

Basi funzo la hadithi hii, watoto, lishikeni vizuri. Uongo ni mbaya. Kumpelekea afande tikiti ni kosa. Mdogo asimchezee mkubwa aliye kazini. Na mkiona mkubwa anakuja kasi, msihangaike na vioo wala mavi ya tembo. Simameni kando ya njia, mwambieni ukweli kwa adabu. Atasimama. Nguchiro naye alimwambia.

Hadithi yangu imevuka. Tamu yake ondokeni nayo, chungu yake niachieni hapa kando ya njia.
— Imevuka, tumeiona.
Mmeiona kweli?
— Tumeiona.