Dari Mpya ya Kilua

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na yeyote anayelala chini ya dari asikilize kuliko wenzake. Nimewaletea jambo la nyumba moja ya Korogwe. Nimelipima huku na huku, limenishinda, sasa na nyinyi mlipime.

Katika jambo hilo mna wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Mwajabu, jirani, na kipaji chake ni masikio. Sufuria ikichemka nyumba ya tatu, Mwajabu anakwambia kama ni maharage au ni maji ya kuoga. Wa pili ni Bi Somoe wa Muheza, na kipaji chake ni mikono. Ametwanga tangu utotoni, na mpaka leo akishika mchi hakuna anayethubutu kumpokea. Wa tatu ni Tunu, na kipaji chake ni miguu myepesi. Akipita uani hata kuku hawashtuki.

Yumo na mwanamume, jina lake Kilua. Kipaji chake ni kuficha.

Kilua ni kaka yake Tunu, na mke wake ni Raya, binti wa Bi Somoe. Alipokwenda kuposa aliwaambia wazee wa Muheza kwamba binti yao, chini ya bati lake, hatalowa hata unyayo. Wazee wakafurahi. Lakini bati lenyewe alilirithi kwa marehemu baba yake, kutu tupu, na harusi haijapoa chumba cha nyuma kikaanza kuvuja. Kilua akasogeza kitanda. Kikavuja zaidi, akaweka beseni. Raya alipomsihi aite fundi, alijibu kwamba fundi akipanda juu mtaa mzima utajua.

Basi Raya akapata ujauzito, na kama ilivyo desturi, mama yake alikuwa aje kumlea mzazi mpaka arobaini. Habari hiyo ilimkosesha Kilua usingizi. Kila akitazama michirizi ya maji ukutani anayasikia maneno yake ya Muheza, na uso unamwaka. Akatafuta silingi bodi, zile mbao nyembamba za dari, akazipigilia chini ya mbao za paa, akapaka rangi nyeupe dari na kuta. Chumba kikang'aa. Bati hakuligusa.

Bi Somoe akaja, Raya akajifungua salama mtoto wa kike. Sasa, mnajua mama mkwe na mkwewe wanavyoishi. Hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana. Mmoja akipita, mwingine anajibanza na kuangalia chini. Bi Somoe akimtaka neno Kilua anamtuma Raya, na neno la kwanza alilotuma lilikuwa hili: "Mwambie mwenzio ametutunza, chumba kizuri." Kilua aliletewa sifa hiyo akiwa anakula. Akaipokea, akaendelea kula.

Zikapita siku chache, ikanyesha mvua ya masika mchana kutwa. Raya na mtoto walikuwa kitandani, kule pembeni mwa chumba, mbali na mlango.

Mwajabu alikuwa kwake. Chumba chake kimepakana na kile chenye dari, na ukuta wa kati haukufika kwenye bati, kwa hiyo kinachodondoka kule juu anakisikia. Alisikia tone linaanguka juu ya ubao. Baadaye akasikia tone linaanguka juu ya maji. Akaelewa: maji yanaingia juu ya dari, na hayatoki. Hapo akapata kigugumizi, kwa sababu miaka yote ameapa kwamba hasikii lolote la nyumba ile. Akiwaambia, watamuuliza amejuaje. Hata hivyo akatoka na mvua yake, akasimama mlangoni pa chumba, Bi Somoe na Tunu wakiwa ndani na Kilua sebuleni, wote wakisikia.

"Kilua, dari yako imejaa maji," alisema. "Nimejua kwa sababu huwa naegemeza sikio ukutani kwenu. Kila siku."

Raya akayakumbuka yote aliyowahi kumlilia mumewe usiku, akageuzia uso ukutani. Mwajabu alibaki amesimama pale, anatiririka maji, macho kwenye vidole vya miguu yake.

Na Kilua, mbele ya mama mkwe, akajibu, "Dari hiyo ni mpya."

Bi Somoe alitoka, akauchukua mchi uliokuwa umeegemea kinu, akarudi ndani na kuinua macho. Katikati ya ile rangi nyeupe palikuwa pamevimba, na misumari imeanza kung'oka mmoja mmoja. Ubao wa karibu na mlango ukaachia upande mmoja, ukaning'inia kati ya kitanda na watu. Raya asingeweza kupita bila kuugusa, na akiugusa yote yanashuka. Bi Somoe akausukumia mchi juu, akaishikilia dari kwa mikono miwili. Kanga ya kichwani ikaanguka. Halafu ya kifuani nayo ikafunguka, ikashuka mpaka chini. Mama mtu mzima akabaki kichwa wazi, na gagulo tu mwilini, mbele ya mume wa mwanawe. Angeachia mkono mmoja angejisitiri. Hakuachia. Machozi yalimtoka huku mikono imesimama juu, na kwa mara ya kwanza akamwita mkwewe kwa kinywa chake mwenyewe.

"Kilua. Yanaongezeka. Zuieni huko juu."

Kilua alitaka kupanda, lakini yeye ni pande la mtu. Kwa bati lile angetumbukia na kuwaangukia. Mwepesi alikuwa Tunu. Na Tunu alikuwa mchumba wa watu, posa imepokelewa, amekatazwa hata kwenda dukani peke yake. Ilikuwa ndiyo kwanza watu wanatoka msikitini kuswali alasiri. Tunu akavaa suruali ya kaka yake, akachukua turubai, akakwea kwa ukuta wa choo mpaka juu. Alikanyaga penye mistari ya misumari tu, kwa kuwa hapo chini yake pana mbao. Akakuta mabati mawili yameachana, mkono unapita katikati. Akatandika turubai, upepo ukalipeperusha. Akalitandika tena, akalikalia, mguu huku na mguu huku, suruali imemganda mwilini, barabara nzima inamtazama. Baba wa mchumba wake alikuwa mmojawapo. Mzee aliinua uso, akamwona, akaushusha mwavuli wake na kupita. Tunu alimwona vizuri. Hakuinuka.

Kule ndani maji yakaacha kuongezeka. Kilua akaingia na bisibisi na ndoo, macho sakafuni, akipapasa njia hadi pembeni mwa mkwewe. Akaitoboa dari aliyoipaka rangi kwa mkono wake. Maji ya kutu yakamwagika ndooni, ndoo baada ya ndoo, ubao ukawa mwepesi, wakauinua, Raya akapita na mtoto wake kifuani. Ndipo Bi Somoe akashusha mchi, wakarukia mlangoni. Dari yote ikaanguka juu ya kitanda, na msumari mmoja ukauchoma mto aliokuwa amelalia mtoto.

Raya alimfunika mama yake. Kilua akakaa chini kwenye maji, akalia kwa sauti.

"Niliona aibu ya doa," alisema, "nikamlaza mwanangu chini ya mtego." Kisha akatoa ahadi, na wote waliisikia: "Mtoto huyu ataitwa kwa jina la aliyemwokoa."

Jua lilipotoka bati lilitengenezwa, mchana kweupe. Mabati yakarudishwa mahali pake, misumari mipya ikapigwa na vipande vya mpira, lami ikapakwa juu. Mtaa mzima ulijua, na waliojua ndio walioshika ngazi.

Ikafika siku ya jina. Mwajabu alikaa karibu na mlango. Tangu siku ile wanawake wakimwona wanapunguza sauti, na kitanda chake amekihamishia ukuta mwingine. Bi Somoe alikaa nyuma ya pazia. Ametuma neno kwamba anataka kurudi Muheza kabla ya arobaini, kwani hawezi tena kupita sebuleni mkwewe akiwepo. Tunu alikaa katikati. Kwa akina mchumba wake kumekuwa kimya, hawajavunja wala hawajaja. Hakuna aliyedai jina, na hakuna aliyelikataa.

Shangazi yake Kilua, aliyesimamia shughuli, akamuuliza, "Haya baba, tumwite nani?"

Wako waliosema Mwajabu, kwa kuwa bila sikio lake mchi ungefika umechelewa. Wengine wakasema kusikia si kubeba. Ni Bi Somoe, aliyeishika dari na kuiachia heshima yake ianguke. Wengine wakasema mikono ile ingechoka. Ni Tunu, ambaye kwa kulikalia lile turubai huenda amempoteza mume wake mtarajiwa. Na Raya akauliza kwa sauti ndogo kama jina hilo litakuwa ni zawadi, au kila likiitwa yule aliyemwokoa atakumbuka aibu yake na kuinamisha kichwa.

Kilua akahesabu kwa vidole. Jina moja, na waliovuliwa nguo mbele ya watu kwa sababu yake ni watatu.

Mtoto sasa ameanza kucheka, na bado anaitwa Mtoto. Je, wewe ungempa jina la nani?