Wembe Mnene wa Fundi Shija

Hadithi hii nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa, na kwa mwenyewe aliyeianza mimi sikufika. Isome polepole. Ukimaliza, mpelekee fundi yeyote unayemfahamu, awe wa mbao, wa nguo, au hata fundi wa maneno kama yule jirani yako.

Palikuwa na Mtemi mmoja, Luhende, aliyetawala nchi yenye miti mingi ya mninga. Mtemi Luhende alijaliwa mabinti mapacha. Kwa desturi ya watu wake, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto, na ukimpa Kulwa kitu ni lazima umpe na Doto kitu kilekile. Kufanana peke yake hakutoshi.

Desturi hiyo ilimtoa Mtemi jasho kwa miaka mingi. Kulwa akipewa bakuli lenye ua jekundu, na Doto akakuta ua la bakuli lake limepauka kidogo, siku hiyo ikulu haikaliki. Wala hawakuwa mabinti wabaya. Walipendana mno, walilala chumba kimoja tangu utotoni, na hata wakinuna walinuna pamoja. Ila kila mmoja aliishi akimpima mwenzake kwa jicho kali kuliko la mnunuzi wa ng'ombe.

Siku ikafika, wote wawili wakachumbiwa, na harusi zikapangwa siku moja. Kulwa angekwenda kuishi mashariki ya nchi, Doto magharibi, na kati yao mwendo ni mrefu. Mtemi akaamua kila mmoja aondoke na kitanda chake, na kichwani mwa kitanda kuwe na ubao wa mninga uliokatwa nakshi.

Sasa, karibu na lango la ikulu palikuwa na karakana ya mwanamke aliyeitwa Shija. Baba yake alikuwa fundi wa ikulu, na alipofariki Shija akakalia benchi lake na kurithi cheo chake. Alitumia msumeno wa kukanyaga kwa mguu, ule wenye wembe mwembamba uliosimama wima, unaopanda na kushuka huku fundi akiuzungusha ubao kufuata mchoro. Kwa msumeno huo alikata maua, ndege, na vikonyo vyembamba vilivyojikunja hadi watu wakavigusa kuhakikisha kama kweli ni mti.

Tusifichane, Shija alikuwa na majivuno. Akipita ikulu alitazama milango kama mama anayetazama wanawe, kwa sababu karibu yote ilitoka mikononi mwake. Lakini majivuno ya mtu anayeijua kazi yake hayachukizi sana, na mimi binafsi nayapenda kuliko unyenyekevu wa mvivu.

Mwaka huo akaja mjini fundi mwingine, Jilala, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Washauri wa Mtemi wakaanza kunong'ona. "Shija amekaa kwenye cheo kwa sababu ya jina la baba yake," walisema. "Tuwashindanishe, tuone."

Mtemi akawaita wote wawili mbele ya watu.

"Nataka mbao mbili zenye nakshi nzuri, za vitanda vya binti zangu," alisema. "Kila mmoja wenu nitampa mbao mbili za mninga, zilizopasuliwa kutoka gogo moja. Ambaye kazi yake itawaridhisha binti zangu wote wawili, huyo ndiye fundi wa ikulu tangu siku hiyo. Mwingine atafute pa kwenda."

Jilala alisikia neno "nzuri" akaondoka akitabasamu. Shija alisikia neno "mbili" akaondoka kimya.

Unajua kwa nini? Jina Shija hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kabla yake nyumbani kwao walizaliwa kaka zake wawili, na maisha yake yote ya utotoni aliwaona wakilinganisha vipande vya mihogo. Alijua kabisa moto gani unawashwa na jani moja likizidi jani jingine.

Akaketi karakanani akiwaza. Mkono wa binadamu, hata uwe hodari namna gani, haurudii jambo lilelile mara mbili. Ukikata ua leo na ua lilelile kesho, utapata ndugu, hutapata pacha. Ndipo akakumbuka mama yake alivyokuwa akiwashonea kaka zake mashati. Hakuwa akikata shati moja kisha jingine. Alilaza vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, akapitisha mkasi mara moja tu.

"Basi na mbao zitalaliana," Shija akajisemea.

Hakuzigusa mbao za Mtemi. Alichukua kwanza vipande vya mabaki, akavibebanisha viwili, akavishikiza kwa misumari midogo mahali pa kukatwa na kutupwa. Kisha akafunga wembe wake mwembamba kuliko wote, ule uliomjengea jina, akaanza kukanyaga.

Kazi ilikuwa ngumu. Wembe ulipata moto, mti ukaanza kunuka moshi. Hata hivyo kipande cha juu kilitoka kizuri sana. Shija akatabasamu, akavitenganisha ili atazame cha chini.

Cha chini kilikuwa kioja. Majani yote yalikuwa yameegemea upande mmoja, na ua la katikati limevimba shavu. Wembe mwembamba ukizidiwa na unene wa mti hujipinda tumboni: juu unafuata mchoro, chini unakwenda unakotaka wenyewe. Akajaribu tena kwa subira zaidi, na safari hii wembe ukakatika katikati ya jani.

Shija akainua macho ukutani alikotundika nyembe zake. Mwishoni kabisa ulining'inia wembe mnene, wenye meno makubwa yaliyoachana. Mafundi wa mji ule waliuita wembe wa kuni. Walimpa mwanafunzi siku ya kwanza ili asiharibu kitu cha maana.

Alijua wembe ule ungesimama wima ndani ya mbao mbili. Alijua pia kwamba usingeweza kugeuka kwenye kona ndogo. Maana yake vikonyo vyake vyote vingeondoka, vile vilivyompa sifa. Yangebaki majani mapana, maua yenye petali nene, na mistari mikubwa mikubwa. Watu wangesema ameishiwa. Hapo ndipo roho ilipomuuma, maana cheo cha baba yake kilikuwa juu ya ubao ule, na yeye alikuwa anakwenda kukitetea bila silaha yake.

Alikaa akiushika wembe mnene mkononi muda mrefu. Mwisho akafuta mchoro wa zamani, akachora mwingine mpana, akazibebanisha mbao za Mtemi.

Alipokuwa katikati ya kazi Jilala akapita.

"Hodi hapa, dada Shija."

"Karibu, ndugu yangu."

Jilala akautazama msumeno, akacheka hadi akashika mlango. "Makubwa haya! Ikulu wameagiza nakshi, wewe unapasua kuni?"

"Nakata kinachokatika," Shija akamjibu bila kuacha kukanyaga.

"Mimi nyembe zangu ni nyembamba mpaka ukizigeuza upande huzioni. Nimekata hadi mishipa ya majani."

"Hongera. Ubao wa kwanza umefananaje na wa pili?"

"Nani atapima?" Jilala akasema, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya maonyesho uwanja wa ikulu ulijaa. Mbao za Jilala zilipofunuliwa, kinamama walipiga vigelegele, na haki ya Mungu zilistahili. Zilikuwa na vikonyo, vipepeo, majani yenye mishipa, na mwanga ulipita kwenye vitundu vidogo kama punje za mtama. Kisha zikafunuliwa za Shija. Zilikuwa safi, zimesuguliwa zikang'aa, lakini baada ya zile za Jilala zilionekana kama ugali mbele ya pilau.

"Ameishiwa," mshauri mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Shija alisikia. Uso ulimwaka moto, lakini hakuinamisha kichwa. Kazi ile ilikuwa yake kuanzia ncha hadi ncha, na hakuwa tayari kuionea haya mbele ya mtu yeyote.

Mtemi akawaambia binti zake, "Haya, wanangu. Anzeni na za Jilala. Kila mmoja achukue wake."

Kulwa akaweka mkono juu ya ubao wa kushoto. Doto naye akaweka mkono juu ya ubao uleule.

"Nimetangulia mimi," akasema Kulwa.

"Kutangulia kuzaliwa kusiwe kutangulia kila mahali," akajibu Doto. "Chukua ule pale."

"Ule kipepeo wake ana bawa fupi. Uchukue wewe."

"Mabibi, zote ni sawa," Jilala akaingilia, kijasho kikimtoka.

"Kama ni sawa, mwambie dada achukue ule," Doto akasema.

Wakavutana, wakavutana, hadi mama yao akafunika uso kwa khanga. Sherehe ilianza kunuka matanga. Ndipo Mtemi akaonyesha kwa kidole mbao za Shija, kwa uchovu, kama mtu anayejaribu la mwisho.

Mapacha wakazisogelea wakiwa bado wamenuna. Kulwa akautazama huu, Doto akautazama ule. Wakabadilishana. Wakazitazama tena, wakapitisha vidole kwenye kingo, wakahesabu petali kwa midomo. Kulwa akamwambia mwenzake ageuke, akazihamisha mbao, akamrudisha.

"Ipi ilikuwa yako?"

Doto akatafuta. Akainama, akanusa hata mti wenyewe. "Sijui," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Kisha wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Wakalaza ubao mmoja juu ya mwingine, wakashika kila mmoja upande wake, wakaziinua kuelekea jua. Mwanga ukapita moja kwa moja kwenye kila tundu, bila jani kufunika jani, na vivuli vya maua vikaanguka juu ya nyuso zao wote wawili.

Mtemi akashuka kitini.

"Fundi Shija," akasema. "Wanangu wamekuwa wakiamka chumba kimoja tangu wazaliwe. Keshokutwa mmoja ataamka mashariki, mwingine magharibi. Nilitaka kila mmoja akifumbua macho aone kilekile anachokiona mwenzake. Sikuwaambia, kwa sababu nilitaka kumjua fundi atakayelifikiria hilo bila kuambiwa. Umelijuaje?"

"Mtemi wangu, mimi ni Shija," akajibu. "Nililelewa nyuma ya mapacha."

Mama wa mabinti akalia waziwazi. Shija alijisikia fahari iliyomjaa kifua chote, akaiacha ionekane usoni, na aliyetaka kuchukia achukie. Jina la fundi wa ikulu lilibaki kwake, na safari hii hakuna aliyesema ni la baba yake.

"Umetumia wembe gani?" mshauri yuleyule akauliza.

Shija akautoa kwenye mkoba. Wazee wakatazamana. Wembe wa kuni!

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa na akili za kutosha. Lakini kesho yake mji mzima ulijaa wazimu. Mafundi walitupa nyembe zao nyembamba jalalani na kugombania nyembe nene kama chumvi wakati wa uhaba. Kila karakana ilisikika ikinguruma. Mwenye kukata jina la mtu alikata kwa wembe mnene, na mwenye kukata mguu wa stuli alitumia huohuo.

Jilala, ambaye alikuwa amefunga mizigo, naye akaona ajaribu kabla ya kuondoka. Alitaka kuwakatia mabibi harusi vitana vya kuchania nywele, awaombe radhi kwa yaliyotokea. Akafunga wembe mnene, akakanyaga. Jino la kwanza la kitana likaruka, la pili likapasuka, la tatu likaondoka na kipande cha mpini.

Akaja kwa Shija na vipande mkononi. Safari hii alisimama mlangoni bila kucheka.

"Hodi, dada. Nimetumia wembe uleule uliokupa ushindi. Tazama ulichonifanyia."

Shija akavichukua vile vipande, akavipima unene kwa vidole, akatazama jinsi meno ya kitana yalivyokaribiana. Akaenda ukutani, akatoa wembe mwembamba, wa aina ile ambayo Jilala alikuwa akijigamba nayo, akamwekea kiganjani.

"Ndugu yangu," akamwambia, "juzi uliucheka wembe. Leo unauabudu. Ubao wenyewe utauuliza lini?"

Jilala akavuta kigoda, akaketi karibu na msumeno, na Shija akamwachia nafasi kwenye benchi la baba yake.

Funzo: Usichague chombo kwa sababu kimesifiwa, wala usikitupe kwa sababu kimechekwa. Iulize kwanza kazi iliyo mbele yako inataka nini, kisha uifanye kwa fahari, hata kama siku hiyo haitaki kile unachojulikana nacho.