Bakuli la Lubaba

Ndugu zangu katika imani, imepokewa kwa waliotutangulia kwamba mjini Kufa, huko Iraki, palikuwa na mfinyanzi mmoja mcha Mungu, jina lake Nuaimu, na mkewe akiitwa Rababu. Mola aliwaruzuku mabinti wawili. Mkubwa, Atika, alikuwa msichana mwenye adabu na ucheshi. Mdogo, Lubaba, hakujaliwa kusema. Ukimwita hageuki, na jambo likibadilika ghafla hulia mpaka majirani waje kuchungulia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimrudisha nyumbani akisema hafundishiki.

Rababu hakubishana naye. Alikaa na bintiye kila siku akimfundisha kwa mabakuli ya udongo: likisimama ni "nataka", likifudikizwa ni "sitaki". Kwa muda mrefu Lubaba aliyavunja tu, na Nuaimu akafinyanga mengine bila kunung'unika. Kisha asubuhi moja mtoto alisimamisha bakuli mbele ya mama yake, akangoja uji. Rababu alisujudu palepale jikoni, akashukuru hata uji ukaungua. Waliula hivyo hivyo, wakicheka.

Ikawa Atika amepata mposaji, na siku ya wageni wa posa ikawekwa. Dada yake Nuaimu alishauri kwamba siku hiyo Lubaba apelekwe kwake, asionekane mpaka nikahi ipite. Nuaimu alihofia posa ya Atika isije ikavunjika, akakaribia kukubali.

Rababu akamwambia, "Baba Atika, tukimficha leo, tutamtoa lini?"

Nuaimu aliinama kwa haya, akamwomba Mola msamaha.

Wageni walipofika, wakiongozwa na baba yake mposaji, mzee Shuraihi, mtu wa uso mkavu, Nuaimu aliwaeleza kabla ya chakula kwamba anaye binti mwingine, hasemi, na ana mambo yake, naye atakuwa pamoja nao.

Chakula kilipoandaliwa, Lubaba alimwendea Shuraihi moja kwa moja, akalifudikiza bakuli la mzee, lililokuwa bado tupu. Nyuma ya pazia walikokaa wanawake, shangazi alijifunika uso. Mzee akalisimamisha. Mtoto akalifudikiza tena. Mzee akalisimamisha polepole, na lilipofudikizwa mara nyingine Lubaba akacheka, na mzee naye akacheka mpaka akakohoa. Akauliza mtoto anasema nini.

Atika akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Anasema bado, mzee wangu. Hajakuzoea."

"Basi nitangoja," akasema Shuraihi, akaondoa mkono wake kwenye chakula. Wageni wote nao wakangoja, mchuzi ukipoa.

Lubaba akaingia ndani, akarudi na bakuli lake mwenyewe, ambalo hata Atika hakuruhusiwa kuligusa. Akalisimamisha mbele ya mzee.

Shuraihi alisoma bismillahi, akala. Kisha akamgeukia Nuaimu. "Habari za mtoto huyu nilizipata sokoni kabla sijaja. Nilichotaka kujua ni kama nitazisikia kwako pia. Tupangeni siku ya nikahi."

Siku ya walima, karamu ya harusi, Lubaba alifudikiza mabakuli mengi, na watu walikula walipopewa ruhusa.

Wapenzi wangu, mtoto wa namna hii ni amana, na mwenye amana haoni aibu kuionyesha. Tumwombe Mola atupe subira ya kujifunza lugha ya watoto wetu, hata kama haina maneno. Amina.